Shangazi Mwenye Magego Machanga

Shangazi yangu Efrazia ana miaka kumi na minne. Mimi, Silvano, ninayo kumi na tisa. Usihesabu kwa vidole: babu alifiwa na bibi, akaoa tena uzeeni, akampatia baba yangu dada wa mwisho. Kwetu Gare, huku Lushoto, haiangaliwi nani alitangulia kuota ndevu. Kila asubuhi mimi ndiye ninayempa shikamoo, naye anaitikia "marahaba" kinywani mna mswaki.

Mwezi wa sita kocha Rahabu alipanda Lushoto kuchagua wasichana wa chini ya miaka kumi na tano, wakacheze soka na kusomeshwa bure Dar. Efrazia aliwapita mabeki kama mbuzi aliyeona kabichi. Kocha akaandika jina lake. Nami pembeni ulimi ukaniwasha.

"Shikamoo shangazi!" nikapaza sauti. "Ukifika Dar usinisahau, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda kliniki!"

Uwanja ukaangua kicheko. Kocha hakucheka. Akaniita.

"Kijana, una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, kocha."

"Na yule ni shangazi yako?"

"Wa damu kabisa. Amenilea huyo!"

Watu wakacheka tena. Kocha akatazama cheti cha kuzaliwa cha Efrazia, kilichotolewa mwaka jana tu.

"Watu wananipunguzia miaka kila siku," akasema. "Akapigwe picha ya meno, ituonyeshe umri wake. Majina yanafungwa Ijumaa."

Hapo ndipo nikaanza kueleza habari za babu na ndoa ya pili, jasho linanitoka.

"Umeshachekesha," kocha akanikata. "Sasa ndiyo unataka kuwa mkweli?"

Hospitali ya kwanza mashine ilikuwa mbovu. Ya pili mpiga picha alikuwa likizo. Tulipata picha hospitali ya tatu, Jumatatu iliyofuata.

Daktari wa meno, Kristian, aliinyanyua kwenye mwanga. "Haya magego ya mwisho bado yamo ndani ya ufizi. Ni vichwa tu, mizizi hayana. Yanayotangulia, mizizi yake haijafunga nchani. Meno hayataji siku ya kuzaliwa, lakini mtu mzima hana kinywa cha namna hii. Huyu yuko kati ya kumi na tatu na kumi na tano."

"Si nilisema," Efrazia akanong'ona.

Nikampigia kocha palepale.

"Pole sana," akajibu. "Nafasi nimempa msichana wa Korogwe. Ajaribu mwakani."

Efrazia alisikia yote. "Desemba natimiza kumi na tano," akasema. "Mwakani nitakuwa nimepita."

Nikafungua mdomo nimwombe radhi. Kilichotoka ni hiki: "Angalau daktari hajaona jino bovu, shangazi."

Hakucheka. Akaikunja ile bahasha ya picha, akaanza kuteremka kuelekea stendi, nami nyuma yake, hatua kumi hivi.