Uchovu Kwenye Friza

Kila Jumapili, kuanzia saa nne asubuhi, mpiga pasi wa hospitali alipika chakula cha wiki nzima. Alianza na maharage kwa sababu yanakula muda, akaja kwenye nyama, akamalizia na kabichi. Siku nyingine sita alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, amesimama mbele ya meza ndefu akinyoosha mashuka mia mbili kwa siku, hivyo Jumapili ndiyo siku pekee ambayo miguu yake ilikuwa mali ya nyumbani.

Mashine ya kufyonza hewa kwenye mifuko ya chakula aliletewa na mumewe, mwalimu wa udereva, siku walipotimiza miaka kumi na tisa ya ndoa.

"Nimekuonea huruma," mume alisema. "Sasa utapika mara moja tu, tule wiki nzima."

Alimsomea kijitabu cha maelekezo kwa sauti, na yeye akasikiliza huku anamenya vitunguu. Alijifunza haraka. Chakula kipoe kwanza, la sivyo mvuke unaingia kwenye mdomo wa mfuko na plastiki haishikani. Mchuzi ugandishwe kwenye bakuli, ndipo uingie mfukoni. Mdomo wa mfuko ufutwe mafuta. Kisha unabana kifuniko, mashine inanguruma, mfuko unasinyaa mpaka unaona umbo la kila punje ya haragwe, na joto linauziba. Juu yake aliandika kwa kalamu ya wino mzito ni chakula gani, cha tarehe ngapi, kimefungwa saa ngapi. Ilipofika saa moja jioni friza ilikuwa na mifuko ishirini na moja imepangwa kama mafaili, na yeye alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, maana viti vya sebuleni vilikuwa na watu.

Jumatano ya wiki ya kwanza walipasha mfuko wa nyama na mwingine wa kabichi. Mume alipofika tonge la nne akaacha kula.

"Mabega," alisema.

"Yamefanyaje?" aliuliza mama yake, ambaye aliishi nao.

"Yananiuma. Kama mtu aliyebeba kitu toka asubuhi."

Mama mkwe naye alikuwa anajisugua magoti, ingawa siku nzima alikuwa kwenye kochi. Binti wa nyumba, wa miaka kumi na saba, alikuwa amelala palepale mezani, shavu kwenye kabichi. Mama mkwe akatafuna taratibu, akameza, akatoa uamuzi.

"Hii nyama imechoka."

Mpiga pasi alikula kutoka mifuko ileile. Hakuona tofauti yoyote.

Wiki ilipoisha walikuwa wameshajua mpangilio wa maumivu hayo. Mifuko iliyofungwa saa sita mchana ilileta uzito kidogo kwenye vifundo vya miguu, kitu cha kuvumilika. Ya saa kumi ilipanda mpaka kiunoni. Ya saa moja jioni ilimmaliza mtu kabisa. Mwalimu wa udereva alikula mmoja wa hiyo kazini, kisha akamwacha mwanafunzi wake auzunguke mzunguko uleule wa barabarani mara kumi na nne, kwa kukosa nguvu ya kumwambia atoke.

Fundi akaitwa. Alifungua skrubu nne, akapuliza vumbi, akazirudisha.

"Mashine ni nzima," alisema. "Inafunga kila kilichomo. Mpishi akiwa amechoka, uchovu nao umo."

"Hauwezi kutolewa?" mume aliuliza.

"Hii inatoa hewa tu, mzee. Kuna nyumba moja supu inalia ukiifungua. Na wao nimewaambia hivyohivyo."

Alikaribishwa chakula, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Jioni hiyo walikaa kikao.

"Kumbe kosa si la mashine," mume alisema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Ni wewe, mke wangu. Unapika ukiwa umechoka."

"Ndiyo," alisema mpiga pasi.

"Basi pumzika kwanza, mwanangu," alisema mama mkwe. "Chakula kinataka mtu aliyetulia."

"Nipumzike lini, mama?"

Swali lile walilifikiria kwa dhati. Binti alihesabu kwa vidole. Jumamosi kuna kazi mpaka jioni. Jumapili asubuhi kuna nguo za kufua, sakafu ya kupiga deki, na godoro la mama mkwe la kutoa juani. Hatimaye wakapata dakika ishirini, kati ya kuanika nguo na kumenya vitunguu. Mume akaziandika kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friza.

Jumapili iliyofuata mpiga pasi alikaa kwenye kiti kwa dakika ishirini, mume ameshika saa. Binti alikuja mara mbili kuuliza sketi yake iko wapi. Chakula cha wiki hiyo kilikuwa na uchovu uleule, na juu yake kulikuwa na kitu kingine. Kwa siku tano walibamiza milango bila kujua wamekasirishwa na nini. Siku ya sita mama mkwe aliirusha rimoti ukutani.

"Afadhali uchovu," alisema.

Ndipo mpiga pasi akamgeukia mumewe. "Jumapili hii pika wewe."

"Mimi?"

"Wewe unaamka saa nne. Huna uchovu wa kufunga."

Jumapili ilipofika mume alipika. Alimwita mkewe mara kumi na moja: chumvi iko wapi, moto uwe mkubwa au mdogo, kitunguu kinaanza kukatwa upande gani. Alitoa mifuko mitatu ya wali na njegere, akaziacha sufuria zote kwenye sinki, akaenda kujinyoosha.

Jumatatu mpiga pasi akala mfuko mmoja. Wali ulikuwa umeungua chini na chumvi ilikuwa imekaa upande mmoja. Lakini kabla hajafika nusu ya sahani magoti yake yalinyamaza. Mgongo ukanyooka. Kwa saa mbili alikuwa na mwili wa mtu aliyeamka saa nne siku ya Jumapili. Alisimama dirishani bila sababu, akakumbuka kwamba zamani alipenda kutembea.

"Pika tena Jumapili ijayo," alimwambia mumewe.

"Si nilishapika?" mume alisema. Hakusema kwa ubaya. Kwake kupika kulikuwa kama kung'oa jino, jambo ambalo mtu hulifanya likaisha.

Mifuko miwili iliyobaki mpiga pasi aliificha chini kabisa ya friza, akiiwekea Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo hospitali hubadilisha mashuka ya wodi zote pamoja na mapazia.

Huku nyuma nyumba ilizoea. Mume, ambaye kwa miaka alikuwa akigaagaa kitandani, sasa alikula mfuko wa saa moja jioni na muda si mrefu akawa anakoroma. Mama mkwe aliacha vidonge vyake vya usingizi. Vijiko viwili vya maharage vilimtosha. Binti alijifunza kula akiwa tayari ameshavaa nguo za kulalia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mpiga pasi alinyoosha mashuka mia tatu na arobaini, na mapazia yote. Alipofika nyumbani alimkuta wifi yake jikoni, na sahani tupu mbele yake. Mifuko miwili ilikuwa mezani, imekatwa kwa mkasi.

"Nimempashia wifi yako," alisema mama mkwe. "Mgeni hatuwezi kumlisha uchovu."

Wifi alikuwa ametakata uso. "Sijajisikia hivi tangu nizae," alisema. "Wifi, una raha wewe na hii mashine."

Akaaga, akashuka ngazi mbilimbili.

Mpiga pasi akaichukua mifuko, akaigeuza nje ndani. Kwenye pembe ya mmoja kulikuwa na punje moja ya wali. Akaila. Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kikapumzika mpaka jua lilipozama.

Mume akaingia jikoni. "Dada anasema shemeji naye halali vizuri," alisema. "Kesho wafungie na wao michache. Ile ya mwishomwisho, ya saa moja jioni."

"Mingapi?"

"Sita tu."

Mpiga pasi akatoa beseni, akapima maharage ya kuloweka. Alipomaliza kipimo cha kila wiki, akaongeza vikombe vitatu.