Mashimo Thelathini na Sita

Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, fundi mstaafu wa karakana ya meli alipiga magoti kwenye sakafu ya bafu lake, kibano mkononi, akaziba shimo la thelathini na sita kwa unga uliokandwa. Shimo lenyewe lilikuwa dogo kuliko tundu la sindano. Alilipaka rangi ya kijivu kwa brashi yenye unywele mmoja, akalipuliza likauke, kisha akasema, "Tayari. Mbovu kama ilivyokuwa."

Meli hiyo ya mfano, aliyoijenga kwa miaka minne juu ya mbao zilizolazwa kwenye hodhi la kuogea, ilikuwa na urefu wa sentimita mia moja na ishirini. Ile kubwa ilikuwa na mita sitini, kwa hiyo kila kitu kilipunguzwa mara hamsini: nanga, ngazi, kengele, hata bonyeo kwenye mlango wa jiko la meli, alilolitia nyapara kwa teke siku aliyopewa chai ya baridi. Wengine wanaounda meli ndogo kwa kujifurahisha hununua michoro ya kiwandani na kuifuata. Fundi hakuwa na imani na michoro. Michoro, alikuwa akisema, ni meli kama mkurugenzi anavyoiota. Yeye alijenga kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa haijui kusamehe.

Alikumbuka wiki ya mwisho ya ujenzi wa ile kubwa. Ribiti, ile misumari minene inayoshikanisha mabati, ziliisha yakiwa yamebaki matundu thelathini na sita, yote chini ya mstari wa maji. Mkurugenzi alifika na kofia mpya ya plastiki, bei bado imebandikwa, akasema, "Jazeni puti, pakeni rangi. Jumamosi mgeni rasmi anakata utepe." Wakajaza puti, ule udongo laini wa kuzibia vioo vya madirisha. Utepe ukakatwa. Wapo waliopiga makofi siku ile, na majina yao yote yamo kwenye daftari lililo nyuma ya kabati la fundi, likiwemo la kwake.

Miezi mitano baadaye meli ilizama na shehena ya saruji, saa kumi na dakika kumi alasiri, siku isiyo na upepo wa kuzima hata kibiriti. Watu wanane waliogelea hadi nchi kavu, nahodha akiwa wa kwanza. Siku hizi ni mshauri wa kampuni katika mambo ya usalama. Aliyezama nayo ni mmoja, mshika usukani, mume wa dada yake fundi. Kamati ya uchunguzi iliandika kurasa mia mbili, na ndani yake sentensi moja tu yenye maana: chombo kilizama kwa uzembe wa mshika usukani.

Langoni mwa karakana kuna bamba la shaba lenye majina ya waliofia kazini. Waliokufa kwa uzembe wao hawaandikwi. Mbwa wa mlinzi yumo. Alikufa kwa uzee, lakini alikuwa zamuni. Dada yake fundi hakuwa na haja nyingine duniani ila jina la mumewe liandikwe pale, hata kama ni chini ya mbwa.

Jumanne hiyo dada aliingia bafuni na ndoo, akaitazama meli.

"Kaka, miaka minne tunaogea uani kama kuku. Hili hodhi litarudi lini kuwa hodhi?"

"Leo inaingia majini."

Wakajaza hodhi, wakaishusha taratibu. Ilielea vizuri, ikapendeza. Saa kumi kamili mlango wa chumba cha usukani ulifunguka kwa ndani, na shemeji, yule mshika usukani, akatoka. Alikuwa na sentimita tatu na nusu, kipimo sahihi kabisa kwa mtu wa urefu wake. Alivaa sare ileile. Kitufe cha pili cha shati hakikuwepo.

"Kile kitufe nilikwambia nitakishona Jumapili," alisema mkewe.

"Jumapili sikufika," alisema mumewe.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikabidi fundi akalete faneli ya kumiminia mafuta ya taa, amwekee mdomoni upande ule mpana, na wao watege sikio kwenye ule mwembamba. Shemeji alimshukuru kwa kazi safi. Alisema hata harufu ya puti ameiweza, ingawa ni unga. Saa kumi na dakika kumi unga ukalainika, meli ikainama upande wa kulia, ikazama kwa adabu. Fundi alimwopoa shemeji yake kwa chujio la chai. Dada alimkausha kwa ncha ya kitambaa, akamlaza karibu na jiko.

Ikawa hivyo kila siku, fundi akiikausha na kuijaza unga mpya. Wakijaribu kuiweka majini asubuhi, ilisubiri mpaka saa kumi na dakika kumi. Wasipoiweka, shemeji hakutoka, na dada hakula.

"Ziba hayo mashimo basi," dada alimwambia kaka yake siku ya tisa. "Tia pini za kweli. Huyu atapata homa ya mapafu."

Shemeji alipiga faneli kwa ngumi. "Asizibe! Mpaka wakubwa waje waone. Mwenzio anazama kwa sababu, mke wangu. Usiniharibie."

"Ulikuwa hivihivi hata ulipokuwa mrefu," alisema mkewe.

Fundi aliandika barua kwa kampuni, kwamba shahidi mpya amepatikana, naye ni marehemu. Kampuni ilijibu baada ya wiki sita kwamba kwa mujibu wa kanuni zake shahidi yeyote mpya lazima asikilizwe. Kamati ilifika Alhamisi, saa tisa alasiri: mwenyekiti aliyevaa suti, na katibu aliyebeba fomu. Mwenyekiti alikuwa mkurugenzi wa zamani, yuleyule wa utepe. Hakuona tatizo, na fomu haikuwa na nafasi ya kuandikia tatizo hilo. Alipewa kigoda. Katibu aliketi juu ya kifuniko cha choo.

Saa kumi kamili shemeji alitoka, akapandishwa juu ya kisahani cha sabuni. Katibu alimpima kwa rula.

"Sentimita tatu na nusu. Bila viatu?"

"Na viatu."

Katibu akafuta, akaandika tatu nukta nne.

Mwenyekiti akakohoa. "Siku ya ajali ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Uliyaona hayo mashimo yanayosemwa?"

"Mzee, mashimo yalikuwa chini ya maji, mimi niko juu nimeshika usukani. Ningeyaonaje?"

"Kwa hiyo hukuyaona."

"Sikuyaona, lakini..."

"Shahidi amekiri kwamba hakuona," alisema mwenyekiti, na katibu akaandika.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. "Huyu alikuwa na kilo sabini!" alisema. "Mmempeleka chini na kilo sabini zake, amerudi kidole, na bado mnamtega?"

"Mama, tulia. Kamati inaheshimu watu wa kimo chochote."

Hapo fundi akainuka. Magoti yake yalilia. Alisema kwamba puti ile aliijaza yeye, kwa mkono huu huu, na akaunyoosha mkono waukague. Alisema aliyetoa amri ameketi kwenye kigoda chake. Miaka kumi na tisa alikuwa amelifanyia mazoezi neno lile mbele ya kioo hicho hicho cha bafuni, na lilitoka bila kukwama.

Mwenyekiti aliutazama mkono. "Wewe umestaafu," alisema kwa upole. "Nami nimestaafu. Kamati inachunguza waliokuwa kazini na hawajastaafu."

"Nani hajastaafu?"

Katibu alipekua karatasi, akamwonyesha shemeji kwa kalamu. "Huyu hapa. Hakuleta barua ya kuacha kazi."

Shemeji alirudi kwenye usukani wake bila kuambiwa. Saa kumi na dakika kumi meli ilizama mbele ya macho yao wote wanne. Mapovu thelathini na sita yalipanda moja moja, na dada aliyahesabu kwa sauti mpaka mwisho. Mwenyekiti alisema ni kazi nzuri sana ya mikono, akauliza kama mwenyewe angeiuza, ingependeza pale mapokezi, bila maji. Katibu alishika chujio la chai wakati fundi akikunja mikono ya shati. Kisha waliaga vizuri, wakaondoka.

Ripoti ya pili ilifika kwa posta, ikiwa na muhuri. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza: chombo kimezama tena, mbele ya kamati, kwa uzembe wa mshika usukani yuleyule, ambaye kwa kurudia kosa amepewa onyo kali.

Dada aliisoma mara mbili, akaikunja. "Sasa ziba," alisema.

Fundi alitoa unga wote. Aliziba mashimo thelathini na sita kwa vichwa vya pini vya chuma, kimoja kimoja, akagonga, akajaribu kwa kucha. Hiyo ilikuwa kazi iliyotakiwa kufanywa tangu mwanzo, na ilimchukua alasiri moja. Kesho yake waliiweka meli majini. Hata tone halikuingia. Shemeji alishuka hadi chini tumboni, akapapasa kuta, akarudi juu, akatoa dole gumba.

Saa kumi na dakika kumi usukani ulizunguka wenyewe mikononi mwake, kana kwamba unaitii ripoti. Aliushika kwa nguvu zote, miguu ikateleza. Meli ikainama kulia, ikazama na pini zake zote.

Fundi alimwopoa. Shemeji alikaa ukingoni mwa hodhi akitetemeka, akikamua kofia yake.

"Maji yale ya kweli yalikuwa baridi hivi?" aliuliza mkewe.

"Yalikuwa baridi zaidi."

Bamba la langoni lilisuguliwa mwaka huo likang'aa, na jina la mbwa linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Siku hizi, ikifika saa tisa na nusu, dada huweka sufuria mbili kubwa za maji jikoni yachemke. Huyachanganya hodhini na ya bomba, huyapima kwa kiwiko kama ya kuogeshea mtoto, na kumwambia kaka yake, "Haya, mshushe." Kitufe alishakishona.