Makovu ya Simba wa Shangazi

Shangazi yangu hana mzaha na simba wake. Ukimuuliza amemtoa wapi, hakuzungushi. "Nimemtoa kwenye Injili," anasema. "Manyoya tu ndiyo yangu." Alifundisha watoto shule ya Jumapili mpaka magoti yakazikataa ngazi za kanisa, na sasa anakaa nyumbani anaandika na kuchora vitabu vya watoto. Mimi, mtoto wa kaka yake, kanisani naonekana kwa nadra, na nikionekana nimekaa karibu na mlango. Lakini simba huyo ananiweza.

Niwaeleze. Katika hadithi yake kuna nchi ya wanyama iliyotekwa na Bwana Mitego, na sheria yake ni moja: anayeiba mali yake huingia mtegoni. Mvulana mmoja mlafi anaiba asali. Anakamatwa, analia, anawasingizia wenzake. Simba ana nguvu za kumrarua huyo Bwana Mitego vipande viwili, na kila nikifika hapo roho yangu mbaya inamwambia, mrarue, unangoja nini? Hamrarui. Anaingiza miguu yake ya mbele kwenye meno ya chuma, kisha anamwambia mvulana, "Toka." Anafia hapo hapo. Siku ya tatu rafiki zake wamekaa kando ya ziwa, wamekata tamaa, mara wanamwona anakuja, mdomoni amewabebea samaki wa kufungulia kinywa. Nungunungu, mbishi kupita wote, anagoma kuamini mpaka atie pua kwenye makovu ya mtego. Simba hakasiriki. Anamnyooshea mguu.

Wafalme wa hadithi zangu za utotoni walishinda, wakarudi na taji, wakaoa. Huyu amerudi na makovu na samaki. Nimewahi kumsoma kazini, nikalazimika kwenda chooni kunawa uso. Nampenda, basi, na sioni haya kusema.

Sasa nije kwa binti yangu. Tulimpa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Mwaka jana sufuria ya maji ya moto iliyumba jikoni, akamsukuma mdogo wake pembeni, maji yakammwagikia yeye kuanzia kiwiko hadi kiganja. Mkono ulipona, ila ngozi ilijikunja na kubaki inang'aa. Shuleni wakamwita Ngozi ya Mamba. Tangu hapo anavaa sweta hata jua likiwa la kupasua kichwa, na ule mdomo umefungwa. Baada ya likizo shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, naye alishaniambia kwa upole kabisa kwamba harudi. Nilibembeleza, nikafoka, nikampaka kila mafuta niliyoambiwa na majirani, nikamwapia kwamba alama itafutika. Akauvuta mkono wa sweta chini.

Aliyemrudishia sauti kidogo ni yule simba. Chiriku alikuwa kwa shangazi siku zile shangazi anamalizia picha, akamuuliza, "Bibi, kama amefufuka mzima, mbona makovu hayakufutika?"

Shangazi hakuinua hata kalamu. "Angeweza kuyafuta. Hakutaka. Angeyafuta, rafiki zake wangemjuaje?"

Kuanzia siku hiyo Chiriku alikuwa anakisubiri kitabu. Kila jioni aliniuliza kimefika wapi. Hakusema ni kwa nini, lakini mimi ni mama yake. Nilijua kwamba kama kuna kitu kitakachomvusha geti la shule Jumatatu ile, ni hicho.

Kitabu kilikuwa kinachapwa kiwandani kwetu, mahali ninapopanga kurasa. Kwetu kuna utaratibu wa zamani: mwandishi akishaidhinisha kurasa, picha zinapelekwa kwa Mzee Safi, na zikitoka mikononi mwake hazipitii kwa mtu mwingine, zinakwenda moja kwa moja mtamboni. Kazi yake ni kufuta madoa. Unywele ulionaswa na skana, tone la wino, alama ya kidole, vyote anaviwinda kwenye kompyuta yake mpaka ukurasa unameremeta. Tena nakala chafu haweki. Anasema uchafu hauwekewi akiba.

Siku ya kuchapa, Jumatatu ile ikiwa imekaribia, nilimchukua Chiriku kazini. Mtambo ulikuwa umeshashika kasi, fundi anachomoa karatasi hapa na pale kukagua rangi. Alimpa mtoto moja, ile picha ya ziwani. Chiriku akaisogeza karibu na uso.

"Mama, huyu siye."

"Siye nani?"

"Si simba wa bibi. Huyu mwingine."

Nikachungulia. Ziwa lipo, samaki wapo, nungunungu kanyoosha pua, lakini ungedhani ananusa soksi iliyotoka kufuliwa. Miguu ya simba ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo.

Nikabonyeza kitufe chekundu. Sina ruhusa ya kukigusa, na fundi alinikumbusha hilo kwa maneno ambayo sitayaandika, lakini mtambo ulikuwa umeshanyamaza. "Mzee Safi!" niliita, sauti ikafika mpaka stoo.

Alikuja anafuta miwani yake, hana wasiwasi wowote. "Kuna nini, Mama Chiriku?"

"Miguu ya simba umeifanya nini?"

"Aa, ile!" Alifurahi kuulizwa. "Ilikuwa na madoa sugu, we acha tu. Kwenye kila picha ya mwishoni yapo, na yapo palepale. Nikasema skana imekwaruzika. Nimehangaika nayo kutwa nzima, lakini hebu tazama sasa. Utajua kama kulikuwa na kitu?"

Nilifungua mdomo nimpashe, na kupasha ninajua. Chiriku akanitangulia. Tangu aungue sikuwa nimemsikia akimsemesha mtu mzima asiye wa nyumbani.

"Babu, hayo si madoa. Aliumia akimtoa yule mvulana mtegoni. Ukiyafuta, ni kama hakumtoa."

Mzee Safi akaitazama karatasi, akamtazama mtoto, akairudia karatasi. Tabasamu likamfifia polepole. "Hadithi sikuisoma," alisema. "Huwa sisomi. Nikisoma, siyaoni madoa."

Hasira zikaniishia. Mtu mzima alikuwa amesimama mbele ya mtoto, ameinamisha kichwa, na katika miaka yake yote pale hakuna kazi yake iliyowahi kurudishwa.

Tungeyarudishaje sasa? Michoro yenyewe ilikuwa ndani ya basi, inarudishwa kwa shangazi. Nakala yangu ya kupangia kurasa ilikuwa ndogo. Ukiikuza inageuka vigae vya rangi vitupu. Inakuonyesha kovu lilikaa wapi, haikuonyeshi lilikaaje. Na fundi akasema wazi kwamba saa sita mtambo unaingia kazi ya watu wengine. Ama kitabu kitoke hivyo hivyo, ama kingoje mwezi ujao.

"Nitayachora," Mzee Safi alisema.

Tukamfuata mezani kwake. Akachora la kwanza, likatoka kama kiwavi. Akalifuta. La pili likawa kama zipu ya suruali. Akalifuta nalo, na hapo kwenye kufuta mkono ulikwenda wenyewe, haukuwa na shida. Maisha yake yote alikuwa ameondoa alama. Kuiweka hata moja hakuwahi.

"Kwani kovu linakuwaje?" aliuliza, macho kwenye skrini. "Linainuka? Linazama? Rangi yake ni ipi?"

Nilikuwa na jibu. Kovu la mwanangu nimelipaka mafuta mwaka mzima, nalijua kwa vidole hata nikifumba macho. Nikageukia ukutani nikajifanya nasoma kalenda, maana jibu lile halikuwa langu kulitoa.

Nilisikia kiti kinasogezwa. Nilipogeuka, Chiriku alikuwa amepandisha mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko, ameulaza mkono mezani, chini ya taa.

"Linakuwa hivi," alisema. "Pembeni linainuka. Katikati linang'aa. Hapa linajikunja, halina rangi ya ngozi wala si jeupe."

Mzee Safi hakusema pole. Nitamshukuru kwa hilo mpaka naingia kaburini. Alivua miwani yake, akavaa ile ya kazi ndogondogo, akainama kwa yale macho yake yasiyopitwa na kitu. Alitazama muda mrefu. Chiriku hakuuondoa mkono. Mzee akachora kidogo, akatazama, akachora tena. Kwenye skrini mguu wa simba ukaanza kuumia na kupona kwa pamoja, na nungunungu akawa na kitu cha kuamini.

"Ndiye," alisema Chiriku. "Sasa ndiye."

Mimi nililia, sina la kuficha. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, akasema anakwenda kuangalia wino, ilhali alikuwa ameshauangalia.

Mzee Safi alipomaliza na picha zilizobaki, akaunyoosha mgongo. Macho yake yalirudi kwenye mkono uliokuwa bado mezani. Chini ya kiwiko, pembeni kabisa ya kovu, palikuwa na tone la wino mbichi kutoka kwenye karatasi ile iliyokuwa mezani. Akashika kitambaa chake, akakinyanyua, kisha akasita.

"Na hili, mjukuu wangu? Hili niliache?"

Chiriku akauchunguza mkono wake. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana niliona anautazama bila haraka. Halafu akacheka.

"Hilo doa, babu. Futa."

Akalifuta hilo tu.