Zamu ya Mama Jesse

Elifuraha alifika nyumbani Masama mchana, begi la laptopu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, akiwa tayari kupongezwa. Hakupongezwa na yeyote. Mama alimpakulia bintiye mtori, akamwacha ale, na bakuli lilipobaki tupu ndipo akasema:

"Mama Jesse ameondolewa kwenye mfongo."

Mfongo ni ule mfereji uliochimbwa na mababu kutoka msituni, unaoteremka na kunywesha vihamba, yaani mashamba ya migomba, vya nyumba kumi na nne, kila nyumba kwa siku yake. Kiangazi kikikaza, kumwondoa mtu kwenye mfongo ni kumkaba koo.

"Kafanya nini?"

"Kaiba maji. Alifungua mlango wa mfereji siku isiyo yake. Baba yako mkubwa akaitisha kikao, wakamfungia maji mpaka mvua za vuli."

Mama Jesse alikuwa mjane wa kihamba cha pili kutoka kwao, mwanamke aliyekuwa akirudisha hata sindano ya kuazima. Elifuraha alitaka kucheka, lakini alipomtazama mama yake usoni, kicheko kilimkauka.

"Ujumbe wa zamu haukumfikia?" akauliza.

"Hayo utajua wewe. Mashine si ni yako?"

Ilikuwa yake kweli. Mwezi wa tano, Mwalimu Jackson wa chuo cha kompyuta pale Moshi mjini aliwaagiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza watafute tatizo la nyumbani na kulitatua kwa programu. Akawaonya wasikimbilie kibodi. Kwanza mwelewe tatizo, alisema, mliulize mpaka lichoke. Kisha mligawe vipande, mwandike hatua zake kwa Kiswahili cha kawaida, ndipo mwandike programu, na mkishaandika, muijaribu kwa yale msiyotaka yatokee. Elifuraha aliyanakili yote kwa mwandiko mzuri. Lakini tatizo lake aliona analielewa tangu utotoni: watu waligombania zamu za maji. Alimpigia simu baba yake mkubwa, Ebenezeri, mwenyekiti wa mfongo, akapata majina kumi na manne kwa mpangilio wake, na kabla wiki haijaisha programu ilikuwa ikituma ujumbe kila jioni kwa mwenye zamu ya kesho. Darasa zima lilimpigia makofi. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote.

Mwezi wa sita Ebenezeri alimpigia. "Mwanangu, kuna kasoro. Jumamosi za msaragambo, tunapopanda wote kusafisha mfereji, maji yanafungwa, lakini mashine yako inaita mtu kumwagilia. Izuie."

Elifuraha alikuwa kwenye foleni ya chakula. Alikaa pembeni, akaongeza mstari: ikiwa kesho ni siku ya msaragambo, usitume ujumbe. Akajaribu. Ujumbe haukwenda. Akafunga laptopu, akarudi kwenye foleni.

Asubuhi baada ya kufika nyumbani, aliisoma programu ile mara tatu na hakuona kosa. Kila mstari ulifanya alichoutuma. Mwishowe aliacha kuisoma, akaamua kuwa yeye ndiye mashine. Akachukua maharage kumi na manne, akayapanga mezani, kila harage nyumba moja, na kalenda ya kanisa pembeni. Akaanza kuhesabu siku: leo huyu, kesho yule, kidole kikisogea kwa uaminifu wa kijinga kama wa kompyuta. Kidole kilipofika harage la kumi na nne, kalenda ilisema Jumamosi, msaragambo. Usitume. Kesho yake, harage la kwanza.

Alirudia. Msaragambo ulikuwa kila baada ya wiki mbili, na mzunguko wa zamu ulikuwa wiki mbili vilevile. Jumamosi ile ikaja tena, na harage lililokaa juu yake lilikuwa lilelile.

Zamani, maji yakifungwa, zamu ilikuwa ikisogea: asiyepata leo hupata kesho, na wote nyuma yake husubiri. Kila mtoto wa pale aliona jambo hilo likifanyika. Yeye alikuwa amezuia ujumbe, na pamoja na ujumbe akamfuta mtu. Tangu mwezi wa sita, wa kumi na nne hakuwahi kuitwa hata mara moja. Naye alikuwa Mama Jesse.

Alimkuta Ebenezeri akiwakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba! Msomi wetu!"

Alimweleza bila kuruka kitu. Yule mzee aliendelea kukata, panga likienda taratibu zaidi.

"Alikuja kulalamika," akasema mwishoni. "Mara mbili. Nikamwambia kompyuta haina ukoo, haina mpaka wa shamba."

Elifuraha alielewa. Ebenezeri na marehemu Baba Jesse walikuwa wamegombea mpaka kwa miaka, na ugomvi ule haukuzikwa pamoja naye.

"Lakini wewe ulikuwa unaona kwamba hapati."

"Niliona." Hakuinua uso. "Nikasema, mimi ni nani nibishane na kompyuta? Sasa nisikilize, mwanangu. Rekebisha kimya kimya. Mvua zikija atarudishwa na yatakwisha. Ukisimama mbele za watu utajiaibisha wewe, utaaibisha na chuo chako."

"Na wewe."

"Na mimi," alisema Ebenezeri, bila hasira.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari miwili, na hakuna ambaye angejua. Elifuraha alishinda siku mbili nzima na mistari hiyo kichwani, akichota maji, akifagia, akijibu asichoulizwa. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi ya msaragambo. Watu walipopumzika juu kwenye chanzo, majembe yamelazwa kwenye majani, aliomba nafasi ya kusema.

Alisema vibaya. Alianza na mstari wa programu ambao hakuna aliyeuelewa, ikabidi aanze upya kwa maharage. Mzee Wenseslaus, aliyekuwa mkali kuliko wote siku ya kikao, alimkatiza.

"Kwa hiyo hakuiba?"

"Alifungua siku ya mwenzake, babu. Lakini yake tulikuwa tumemnyang'anya. Mimi ndiye niliyemnyang'anya."

Watu walinong'ona. Mmoja alicheka. Wengine walitaka mambo ya simu yaachwe, warudi kwenye utaratibu wa zamani. Ebenezeri aliacha maneno yapoe, akatamka kwamba ni makosa ya watoto, kwamba Mama Jesse arudishwe kuanzia kesho, akaomba mtu afunge kwa sala. Uenyekiti wake haukuguswa na mtu. Alipompita Elifuraha njiani kuteremka, alimpita kama anavyopita mti.

Jioni mama yake alikata jani la sale uani, akalifunga fundo, akampa. Kwa Wachagga, anayeomba radhi kwa sale hukataliwa kwa shida sana.

Mama Jesse alikuwa amekaa mlangoni. Upande wake wa kulia ilionekana miche ya kahawa aliyoipanda baada ya kung'oa mibuni mizee ya mumewe, safu kwa safu, majani yamejikunja rangi ya tumbaku. Zizi lilikuwa tupu. Mtamba wake alikuwa ameuzwa kwa kukosa majani.

"Shikamoo, Mama Jesse."

"Marahaba." Alilitazama jani bila kunyoosha mkono. "Sale hupewa mtu aliyekosewa na mtu. Nilipokwenda kwa mwenyekiti, aliniambia ni kompyuta. Mimi nimekosewa na nani?"

"Na mimi," alisema Elifuraha. "Kompyuta ilifanya nilivyoiambia. Sikukuuliza. Sikumuuliza mtu hata mmoja anayefungua maji kwa mkono wake."

Mama Jesse alilipokea jani, akaliweka kwenye kizingiti kati yao, si mapajani mwake.

"Nimelipokea kwa ajili ya mama yako," alisema. "Maji nitachukua, ni haki yangu. Lakini jina langu usilirudishe kwenye simu. Siku yangu ikifika, atumwe mtu aje aniite kwa mdomo, nimwone uso."

"Nitakuja mwenyewe."

"Wewe unarudi Moshi kesho kutwa."

Mama Jesse aliinuka, akashika jembe, akaenda kwenye safu ya kwanza kupima mche mmoja mmoja, akikwangua magome kwa ukucha kutafuta ubichi. Msichana alimfuata, akaanza safu ya pili. Walifanya hivyo mpaka jua lilipozama nyuma ya migomba. Michache sana ilikuwa hai.