Mwanzo wa Kila Harusi

Jumatatu asubuhi Felista alifungua studio yake pale njia panda ya Mkiwa, akapangusa vumbi la malori kwenye kioo cha kompyuta kwa pindo la khanga, akaanza kuediti harusi ya Benson na Eliza. Alikuwa anatafuta mahali bibi harusi anapotoka kwao. Kabla ya hapo akakuta kipande ambacho hakukirekodi yeye.

Kilianza na nyumba kwa mbali, mchana kweupe, upepo umelaza nyasi zote upande mmoja. Mtu hakuwepo. Kamera ilisogea taratibu, ikaipita sufuria iliyokuwa inachemka jikoni bila mpishi, ikaipita khanga iliyoanikwa kwenye kamba, ikafika kwenye mlango ulioachwa wazi kwa upana wa kidole. Ikasimama hapo. Upande wa kulia wa picha ikaacha nafasi tupu, kana kwamba kuna mtu atakuja kusimama. Hakuja. Halafu vigelegele vikapasuka, Eliza akatoka na shela lake.

Felista alimalizia chai yake. Mtindo ule aliujua. Alikulia Ilongero, kwenye kibanda cha video cha mjomba wake, na filamu za kutisha alizitazama mpaka akaacha kuziogopa, akaanza kuangalia zinavyoshonwa. Filamu ya kutisha haianzi na jini. Jini huja baadaye, na mara nyingi linachekesha. Inaanza na nyumba kama zote, na kitu kimoja kidogo kisichokaa sawa: kiti kinachotazama ukuta, jiko linalowaka bila mtu. Kamera inajua kilichopo mbele, mtazamaji hajui, nayo haimwambii. Inamtembeza tu, polepole, mpaka anamshika mkono jirani yake. Aliyepiga kipande kile aliijua kazi. Kasoro ilikuwa moja. Kila hatua mbili picha ilizama kidogo upande wa kushoto, kama inavyokuwa kwa wanagenzi wanaoshika kamera kwa mkono.

Nyumba nayo aliitambua. Ilikuwa ya Mzee Mughwai, mwenye mashine ya kukamua alizeti, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni rasmi kwenye harusi hiyo. Kwenye harusi za upande ule mgeni rasmi alikuwa yeye siku zote.

Felista alikikata kipande, akaupeleka mkanda. Jumapili baada ya ibada ukoo wote ulijazana sebuleni kwa kina Benson, mapazia yakavutwa, karanga zikazungushwa, na kipande kikawa kimerudi mahali pake. Watu walikitazama kwa utulivu. Agripina, mama yake Benson, alisema huyu binti siku hizi amekuwa fundi, akaomba karanga zipite tena kwake.

Harusi iliyofuata ilikuwa ya Derick. Felista aliazima kamera nyingine mjini, na kipande kikawemo. Safari hii mlango ulifunguka, na kamera ikaingia. Sakafuni kulikuwa na kandambili moja ya bluu, ya mguu wa kulia, mkanda wake umefungwa kwa waya. Kamera iliitazama kwa karibu sana, muda mrefu kuliko kandambili inavyostahili kutazamwa, ikaendelea kuelekea mlango wa nyuma. Kwenye kipaimara cha Dorika ilitoka nje kwa mlango huo, ikasikika mashine ya alizeti kabla haijaonekana. Felista alielewa kwamba kila sherehe inaongeza hatua. Akaacha kukata, maana alikuwa anapoteza umeme bure.

Sasa, kwenye nyumba ile aliwahi kufanya kazi msichana wa Mungaa, jina lake Yasinta. Msimu mmoja wa mavuno hakuonekana tena. Mama yake, Raheli, alipokuja kuuliza, aliambiwa binti ametoroka na dereva wa lori, yuko Dar es Salaam. Akapewa dumu la mafuta na nauli, akarudi kwake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangu hapo hakukosa mkanda wa sherehe hata mmoja uliotazamwa kati ya Mungaa na Mkiwa. Waalikwa hutoka mbali, na huenda siku moja binti yake akapita nyuma ya mtu akiwa na sahani ya pilau.

Mkanda wa Derick peke yake ulimpita, kwa sababu ya malaria, na wa Dorika ulikuwa haujatazamwa bado, kwa hiyo alikuja studio.

"Shikamoo, mama," alisema Felista.

"Marahaba, mwanangu. Naomba nichungulie harusi ya Derick. Labda mtu wangu kapita."

Felista akamwekea. Raheli alitazama nyumba, sufuria, mlango. Kandambili ilipotokea alivuta kiti mbele.

"Rudisha."

Felista akarudisha. Mara hii yule mama hakutazama vitu. Alitazama picha yenyewe inavyokwenda.

"Huyu aliyeshika kamera anachechemea," alisema.

"Hajaizoea kazi, mama."

"Ameizoea. Ni mguu wa kushoto. Alikanyaga makaa akiwa anajifunza kutembea, unyayo ukajikunja. Hivi ndivyo anavyotembea Yasinta." Akaugusa, kwenye kioo cha kompyuta, ukingo wa dirisha la nyumba ile, uliokuwa usawa wa kamera. "Na hiki ndicho kimo chake."

Felista aliona aibu. Kasoro ile aliiona kabla ya watu wote, akaiita uanagenzi. Nje lori lilikuwa likishusha mzigo.

"Anakwenda wapi sasa?" aliuliza Raheli.

"Sijui, mama. Kila sherehe anasogea kidogo."

"Sherehe inayofuata ni ya nani?"

"Ya Mzee Mughwai mwenyewe. Anamwoza binti yake."

Mkanda huo ulitazamwa sebuleni kwa Mzee Mughwai, kwenye runinga kubwa kama meza. Mchungaji alikuwepo, na askari mmoja wa kituo cha karibu alialikwa kama jirani. Raheli aliketi mkekani, mbele kabisa. Watu waliokuwa ndani ya nyumba ile waliitazama nyumba ile ikikaribiwa kwa mbali, na mlango ulipotokea kwenye kioo, aliyeketi karibu na mlango wenyewe alijisogeza kidogo kupisha. Kamera ikapita sebuleni, ikapita kandambili, ikatoka nyuma. Ikaipita mashine, ikalizunguka rundo la mashudu, ikafika kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo cha wafanyakazi, likafukiwa kabla hakijajengwa. Wote walilijua shimo hilo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini wafanyakazi bado wanakwenda porini. Kamera ikainama. Udongo ukapanda polepole mpaka ukajaa runinga nzima, punje kwa punje, na kwa muda hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Halafu vigelegele.

Raheli akasimama. "Mwanangu yuko pale."

"Mama, kunywa soda," alisema Mzee Mughwai, kwa upole wa mwenye nyumba.

Raheli akamgeukia askari. Askari aliiweka chini chupa yake. "Picha haina mtu, mama. Kesi inataka mtu."

Mchungaji akawaombea wote walio mbali na nyumbani. Funika kombe mwanaharamu apite. Wiki ile ile Mzee Mughwai akamwaga zege pale shimoni, akajenga uzio na kuweka mlinzi, na Raheli alipokuja na jembe lake alirudishwa getini. Kwenye harusi iliyofuata kamera ilifika kwenye zege, ikashuka taratibu kama mtu anayejipumzisha, ikatulia.

Haijaongeza hatua tangu hapo. Watu wamezoea, na mkanda usio na kipande kile wanaona haujakamilika. Mzee Mughwai mwenyewe hanuni. Anasema vijana wana ubunifu. Felista alichoweza kufanya ni kukataa kukitilia muziki, ili mburuzo wa mguu usikike, na anajua hilo ni dogo.

Raheli hana kaburi la kupalilia. Ana mikanda ya harusi za watu. Anatoka Mungaa kwa miguu, anaketi mbele, na kamera inapotulia juu ya zege anasema kwa sauti ya kawaida, "Nimefika, mwanangu." Vigelegele vikianza anajifunga khanga yake na kunyanyuka, watu wanakunja miguu kumpisha, bila kuondoa macho kwenye runinga. Hapo anaonekana bibi harusi, na baada yake Mzee Mughwai, mgeni rasmi, akikabidhi zawadi, na sebule nzima inapiga makofi.