Mkwe Ndani ya Nyambizi

Kununua chuma si kazi. Mwenye fedha hununua. Kazi ni kupata watu wa kuingia ndani ya hicho chuma, wafungiwe mfuniko, wazame nacho, na bado akili zao zibaki kichwani. Serikali ilipoleta nyambizi ndogo za ulinzi na uokoaji Ziwa Victoria, watu wa mtaa wa Mabatini walicheka hadi wakashika mbavu. "Nani aingie humo? Kaburi lenye injini!" Haya, walioingia wapo. Mmoja wao ni Sabina wa Igogo, na mkatae mkitaka, fundi wa kumfikia mama yule ufuko huu wote hayupo.

Sabina ameishi katika vyumba vya injini za meli tangu ujana wake. Wanamaji walipotangaza kwamba wanatafuta watu wa nyambizi, alikwenda kusimama mstarini na vijana ambao angeweza kuwazaa. Wengi wao waliishia njiani. Yeye alijifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza: kupumua kwa mtungi, kuogelea gizani, kutulia maji yanapomfika kidevuni. Siku aliyorudi nyumbani na kombati, majirani walitoka nje kumtazama, na hakuna aliyecheka tena.

Ikafika siku ya kupangwa. Mkufunzi wao, Kapteni Evelina, mwanamke wa Tanga asiye na maneno ya kupoteza, akataja watu wa nyambizi ya kwanza: hewa na redio, Mihayo; mitambo, Sabina; usukani, Ngosha.

Sabina akageuza uso upande. Ngosha aliinamia viatu vyake. Ngosha ni mume wa Modesta, na Modesta ni binti wa Sabina.

Asiyejua atauliza, kwani kuna nini? Kuna mengi! Kwa Wasukuma wa ukoo wa Sabina, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemezani. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, tena kubwa. Ngosha akija Igogo hukohoa mlangoni, na Sabina hutokea mlango wa nyuma. Wameishi hivyo tangu harusi, kwa amani kabisa. Hata kambini walikuwa wakipishana, huyu akiwa darasani, yule akiwa karakanani. Sasa wakae ndani ya kijumba kisichozidi stoo ya unga, magoti yakigusana!

Sabina angeweza kusema. Hakusema. Aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote, na aliogopa wakimsikia analalamika wataagiza fundi kutoka nje ya nchi. Akajiambia atapata njia.

Njia aliyoipata ilikuwa Mihayo. Siku ya jaribio walizama, na wakufunzi walikuwa wamelegeza bomba moja makusudi ili maji yaingie. Sabina aliliona mara moja, tena kabla taa ya hatari haijawaka.

"Mihayo," akasema, uso kaugeuzia ukutani, "mwambie huyo wa usukani ainue pua ya chombo."

"Ngosha, anasema uinue pua."

"Mwambie nimesikia. Muulize, kwa kiasi gani?"

"Anauliza, kwa kiasi gani?"

Mihayo wa watu, kichwa kinakwenda huku na huku, redio yake inaita hana wa kuipokea, na maji yanapanda! Kapteni akasimamisha jaribio. Gatini aliwapanga mstari mmoja.

"Chombo kizima, watu wote wamekufa," akasema. "Kwa nini?"

Mihayo ndiye aliyeeleza. Kapteni alitaka kucheka, akaona uso wa Sabina, akaacha.

"Mama, mila yako naiheshimu. Ila maji hayana mkwe. Kesho mnarudia. Mkishindwa, mmoja wenu anakwenda nyumbani."

Jioni Modesta alimpigia mama yake simu, sauti imejaa machozi. "Mama, Ngosha anasema ataondoka yeye. Anasema hawezi kuwa sababu ya wewe kukosa kazi."

"Asithubutu!" Sabina alipaza sauti mpaka mwenyewe akashtuka. "Umemwona anavyoshika usukani? Mtu kama huyo anatafutwa kwa tochi. Atakayeondoka ni mimi, au asiondoke mtu." Akakata simu, akabaki amekaa kitandani, hasira zake hazina wa kumwangukia.

Kesho yake wakazama tena. Wakiwa chini kabisa, taa zote zikazimika. Maji yakaanza kutiririka nyuma ya kiti cha usukani, na pua ya nyambizi ikainama kuelekea matopeni.

"Mihayo!" Sabina akaita. "Mwambie…"

Akampapasa gizani. Mihayo alikuwa amelala kifudifudi juu ya redio. Kapteni alikuwa amemnong'oneza asubuhi: taa zikizimika, wewe umezimia. Lakini Sabina hakulijua hilo. Alijua tu kwamba wamebaki wawili na giza.

Akaujaribu ukuta, maskini, ili mkwewe asikie bila kusemeshwa. "Ewe ukuta, tangi la mbele limejaa maji." Ukuta ungefanya nini? Ngosha naye, kwa adabu yake, alingoja kusemeshwa, pumzi zake zikisikika fupifupi. Kijana yule alikuwa tayari kufa kuliko kumvunjia mama mkwe heshima, na Sabina alipolielewa hilo moyo ulimuuma.

"Ngosha!" akapiga ukelele. "Ngosha, mwanangu! Vuta usukani! Puliza hewa tangi la mbele, maji yatoke!"

"Ndiyo, mayu!" ikaja sauti gizani, kwa Kisukuma cha mtu anayemwita mama. "Navuta! Napuliza!"

Vali ya bomba lililopasuka ilikuwa nyuma ya mgongo wa Ngosha. Sabina akapitisha mkono juu ya bega la mkwewe, akaegemea, akaikaza mpaka maji yakakatika. Pua ikainuka. Walipoibuka juani Mihayo akafumbua macho, akaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa.

Kapteni Evelina alikuwa anawasubiri gatini. "Mmefaulu," akasema. "Na mimi ningezama na nyinyi popote. Haya, peaneni mikono, wenzenu wapige picha."

Ngosha alirudi nyuma hatua moja. Sabina akajifunika kitambaa usoni.

"Kapteni," akasema, "kule chini nitamwita kila siku, na kwa jina. Huku juu niachie mkwe wangu."

Kapteni alimtazama, kisha akasimama wima akampigia saluti, afisa kwa fundi. Ngosha akageukia ziwani mpaka mama mkwe wake alipopita.

Nyumbani Igogo, Modesta alikuwa amefika akimngojea. Sabina akaketi kusugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga.

"Mama, ni kweli mlisemezana?"

"Kweli."

"Alikuitaje?"

Sabina aliendelea kusugua, ingawa mikono ilikuwa imeshatakata. Mungu alimpa Modesta, akampa na wavulana wawili ambao hawakufikisha mwaka, wala hawakuwahi kumwita mama.

"Aliniita mayu," akasema, na hapo tu ndipo akalia.