Wachuka Mwai ni Wangapi?

Barua ilikuwa imeshachapwa. Daktari Kingori aliisukuma juu ya meza mpaka ikagusa mkono wangu, kisha akaweka kalamu juu yake.

"Tia sahihi, Gatwiri. Ile familia iko njiani. Wakifika wakute hii maneno imeisha."

Nilisoma. Zilikuwa sentensi nne tu. Ya tatu ilisema: Kosa hili lilitokana na uzembe wangu.

"Nilikosea," nikamwambia. "Hilo nitaliandika hata kwa wino mwekundu. Lakini sikuzembea."

"Tofauti ni gani?"

"Leseni yangu. Bodi ya wapimaji ikisoma neno hilo, sishiki hadubini tena maishani."

Mimi ni mpimaji wa maabara katika kliniki ndogo hapa Ruring'u. Majuma mawili kabla ya asubuhi hiyo, nilipokea vichupa viwili vya damu, vyote vimeandikwa Wachuka Mwai. Kimoja kilikuwa cha Shosho Wachuka, nyanya wa miaka sabini na kitu ambaye ana kisukari. Kingine kilikuwa cha mjukuu wake, msichana wa miaka ishirini aliyetakiwa kupimwa ili ajiunge na chuo. Majibu yakapishana mikononi mwangu. Shosho akaambiwa sukari imeshuka. Akaweka vidonge kando, akarudia chai ya vijiko vitatu, na siku ya tano akaanguka kwenye boma la ng'ombe. Alilazwa siku tisa. Mjukuu naye akaanza kumeza dawa za ugonjwa asiokuwa nao.

Siku hizo tisa nilizihesabu moja moja. Hakuna mtu aliyehitaji kunikumbusha.

"Ukitia sahihi," Daktari alisema kwa sauti ya upole, "unaondoka kimyakimya na mimi nakuandikia barua nzuri ya kutafutia kazi. Ukikataa, utajisaidia mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa kabla sijajibu. Aliingia Mutahi, mwana wa Shosho, kofia ikiwa bado kichwani.

"Ni nani huyo? Ni wewe? Ni wewe ulikuwa karibu kuua mama yangu?"

"Ni mimi, baba."

Alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kukana. Alibaki ameshika kiti, asijue akikalie au akirushe.

"Ni uzembe wa mfanyakazi," Daktari akadakia. "Na ameshakubali."

"Sijakubali uzembe. Mzee Mutahi, naomba dakika moja. Njoo usimame hapa mlangoni."

Nje, kwenye mabenchi, familia nzima ilikuwa imekaa pamoja na wagonjwa wengine. Niliita kama Phyllis wa mapokezi anavyoita kila siku, kwa sauti ya kupasua foleni:

"Wachuka Mwai!"

Wakasimama watatu. Shosho, akijiinua kwa mkongojo. Msichana wa chuo. Na mwanamke mwingine wa miaka thelathini hivi, fundi wa nguo aliyekuja kutoka Nanyuki kumtunza nyanya yake. Wote watatu wakatazamana, na yule fundi akaangua kicheko.

"Wako wangapi kwenu?" nikamuuliza Mutahi.

Alikuna shingo. Kila mtoto wa kiume wa Shosho alikuwa amempa binti yake wa kwanza jina la mama yake, kama mila yao inavyotaka, na wote wakabeba jina la babu nyuma yake. "Na mama mwenyewe, ni watano," akasema. "Wengine wawili wako Kangari."

"Sasa si mngeandika miaka!" Mutahi akamgeukia Phyllis.

"Mimi?" Phyllis alishika kifua. "Mimi nimuulize mtu wa rika la nyanya yangu ati umezaliwa lini? Si hiyo ni madharau!"

"Ungeuliza tu," Shosho akasema kutoka kwenye benchi. "Ningekwambia nilizaliwa mwaka wa nzige. Hiyo ungeandika wapi, mtoto yangu?"

Wagonjwa wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi ofisini, Mutahi akanifuata, na Shosho akaja polepole nyuma yetu.

"Kichupa hakikuwa na umri," niliwaambia. "Niliona. Kutoka maabara hadi mapokezi ni hatua kumi na mbili, ningeenda kuuliza. Sikwenda. Hilo ni langu. Lakini ilikuwa siku yangu ya kumi na moja bila mapumziko, kwa sababu mwenzangu aliacha kazi na hakuna aliyeletwa. Na siku iliyotangulia nilipokwenda kuuliza jambo kama hilo, niliambiwa nachelewesha foleni."

"Uliambiwa na nani?" Mutahi akauliza.

Daktari alitazama dirishani.

"Na majibu yalifika kwa Daktari," nikaendelea. "Miaka minane sukari ya Shosho haijawahi kushuka, halafu siku moja ikashuka yenyewe."

"Alisema Mungu ni mwema," Shosho akasema. "Hata tuliomba pamoja."

"Nilifurahi," Daktari akanung'unika. Kisha akapiga meza. "Kwa hivyo ni kosa ya kila mtu? Ikiwa ya kila mtu si ya mtu yeyote!"

"Sehemu yangu niliiandika." Nilitoa karatasi yangu mfukoni, kurasa mbili za mwandiko wa mkono. "Iko hapa na jina langu. Nakala niliituma kwa bodi saa moja asubuhi, pamoja na zile hatua kumi na mbili."

Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa pili alianza kuikunja kabla hajaimaliza.

"Kazi huna," akasema.

"Sawa."

"Ngoja, Daktari," Mutahi akasema. "Huyu akienda, kesho vichupa vitaandikwa aje?"

"Nitaleta mtu makini."

"Huyo makini atajua aje ni Wachuka gani?"

Nilichukua kalamu ya Daktari, nikakata sentensi ya tatu ya barua yake kwa mstari mmoja, nikaiacha mezani bila sahihi. Nilimshika Shosho mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema tu, "Nimesikia."

Mutahi alinikuta langoni.

"Mimi bado nimekukasirikia."

"Ni haki yako."

"Lakini bodi wakikuita, niambie. Nitakuja niseme kina Wachuka watatu walisimama." Alivua kofia, akaivaa tena. "Hiyo haimaanishi hasira imeisha."

"Kaa nayo, mzee. Ila usikubali mtu akuchagulie pa kuitupa."